Laptopu ya Zamani: Iongezwe Kumbukumbu, Isichomwe Shimoni

Baadhi yenu, wasomaji wa ukurasa huu wa afya, mtashangaa kuona muuguzi anaandika habari za kompyuta. Mlitazamia malaria, lishe ya watoto au shinikizo la damu. Magonjwa hayo hayajatuacha, nasi tutayarudia. Lakini siku hizi chumba chetu cha majeruhi kinapokea mambo ambayo nilipohitimu diploma yangu hayakuwepo vijijini: mtoto aliyeungua usoni kwa betri ya laptopu aliyoigonga kwa jiwe, na mtoto mwingine wa miaka 2 aliyemeza betri ndogo ya mviringo iliyotoka ndani ya kompyuta mbovu. Vitu hivi sasa viko katika nyumba zetu, chini ya vitanda na juu ya makabati. Kwa hiyo ni jambo la afya ya familia, wala si la mafundi peke yao.

Maoni yangu ni haya. Laptopu ya zamani ambayo bado inawaka isitupwe kwa sababu imekuwa nzito. Aghalabu yafaa iongezwe kumbukumbu iendelee kufanya kazi. Kile kinachotolewa ndani yake, au kompyuta iliyokufa kabisa, kisitupwe katika shimo la taka wala kisichomwe moto. Na la tatu, ambalo huenda lisiwapendeze wote: parokia zetu ziache kupokea kompyuta mbovu kwa jina la msaada.

Nianze na hiyo kumbukumbu, maana kompyuta inayofanya kazi haiwi taka.

Watu wengi huchanganya vitu viwili. Ndani ya kompyuta kuna diski, yaani stoo ambamo barua, picha na hesabu zote hukaa hata umeme ukizimwa. Halafu kuna kumbukumbu ya kazi, ambayo mafundi huiita RAM. Mimi huwaeleza wanafunzi wa uuguzi hivi: diski ni stoo ya dawa, RAM ni kile kitoroli cha dawa tunachosukuma wodini. Kitoroli kikiwa kidogo, muuguzi atakwenda stoo na kurudi kila mara, na wagonjwa watangoja. Ndivyo kompyuta inavyokuwa nzito. Programu za miaka hii zinahitaji kitoroli kikubwa zaidi kuliko zile za mwaka 2010, na mashine haijaugua hata kidogo.

Hospitalini kwetu tulikuwa na laptopu ya kuandikia taarifa za MTUHA yenye RAM ya GB 4. Kufungua ukurasa mmoja kulichukua muda wa kupima joto la wagonjwa watatu. Ofisi ilikwisha kuandika ombi la kununua mpya. Fundi wetu aliomba apewe nafasi kwanza. Aliongeza kipande kingine cha GB 4, akaondoa diski ya zamani inayozunguka na kuweka ile isiyozunguka, SSD. Gharama yake ilikuwa sehemu ndogo tu ya bei ya mashine mpya, na laptopu hiyo ipo mezani mpaka leo.

Kabla hujatoa fedha yako, hakikisha kwamba tatizo ni kumbukumbu. Ikiwa mashine yako ni ya Windows, fungua kazi zako za kila siku, kisha bonyeza kwa pamoja vibonye vya Ctrl, Shift na Esc. Utaona asilimia ya kumbukumbu inayotumika na ya diski. Kumbukumbu ikikaa kwenye 90 au zaidi kwa kazi za kawaida, kuiongeza kutakusaidia. Ikiwa kumbukumbu iko chini lakini diski imepanda hadi 100, usinunue RAM. Ubovu uko kwenye diski. Tazama pia kama mfumo wake ni wa biti 32. Mfumo huo hauwezi kutumia zaidi ya GB 4, hivyo ukinunua GB 8 nyingine unalisha mtu aliyekwisha kushiba.

Vipande vya RAM havifanani. Laptopu za kati ya mwaka 2010 na 2015 kwa kawaida hutumia aina ya DDR3, yenye miguu 204 ya dhahabu pembeni. Zilizofuata hutumia DDR4 yenye miguu 260, na mpya kabisa hutumia DDR5. Pengo lililokatwa kwenye ukingo liko mahali tofauti kwa kila aina, ili moja isiingie kwenye nafasi ya nyingine. Kikikataa kuingia, usikilazimishe. Tena katika DDR3 kuna za volti 1.5 na kuna zenye herufi L mwishoni za volti 1.35, na laptopu nyingine hukubali hizo za L tu. Basi usiende dukani mikono mitupu: mwambie fundi atoe kile cha zamani, uende nacho, ulinganishe maandishi yake. Na ujue kwamba laptopu nyingi nyembamba za siku hizi zimelehemewa RAM kwenye ubao wenyewe, haiongezeki. Yafaa kuuliza jambo hili kabla ya kununua laptopu yoyote, hata ya mtumba. Mimi sinunui mashine isiyofunguka.

Kazi yenyewe si kubwa. Zima kabisa, chomoa waya wa umeme, toa betri, halafu bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kumi hivi ili umeme uliobaki uishe. Usifanye kazi hii umekaa juu ya blanketi au umevaa sweta la nailoni wakati wa kiangazi, kwa maana umeme ule mdogo wa nguo, ambao wewe huusikii, waweza kuua kipande cha kumbukumbu. Gusa kwanza chuma kisichopakwa rangi. Shika kipande kwenye kingo, kiingize kikiwa kimelala mshazari, kisukume mpaka miguu ya dhahabu iingie, kisha kilaze polepole mpaka vibanio vya pande mbili vifunge. Ukiwasha na skrini ikabaki nyeusi, usiogope. Mara nyingi hakijakaa vizuri. Kitoe, safisha miguu yake taratibu kwa kifutio cha penseli, ukirudishe.

Sina budi kusema ukweli hapa. Kumbukumbu haiponyi kila kitu. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilikoma kutoa matengenezo ya kawaida ya usalama kwa Windows 10, na laptopu nyingi zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2018 hazikubaliwi rasmi na Windows 11 hata ukizijaza RAM. Nionavyo mimi, uamuzi huo umesukuma mamilioni ya mashine nzima kuelekea jalalani. Lakini iko njia. Mifumo ya Linux, kama vile Linux Mint, hutolewa bure na hufanya kazi vizuri kwenye mashine kuukuu. Kijana yeyote aliyesoma kidogo kompyuta anaweza kukuwekea. Kwa kuandika barua, kusoma na kutuma ripoti, yatosha.

Sasa nije kwenye upande unaonihusu zaidi mimi.

Ukifungua kompyuta, mara nyingi utaona kwenye ubao wake mkuu betri ya fedha ya mviringo, ukubwa wa sarafu, iliyoandikwa CR2032. Kazi yake ni kutunza saa na mipangilio mashine inapozimwa. Betri ya namna hiyo imo pia katika mizani ya jikoni na katika baadhi ya rimoti na midoli ya kuimba. Fundi akibadilisha, huiacha mezani. Mtoto akiiona inang'aa, huiweka mdomoni.

Akina mama na akina baba, nawaomba msome sehemu hii mara mbili. Betri hiyo ina upana wa milimita 20, nao unatosha kabisa kukwama katika umio wa mtoto mdogo. Ikikwama, unyevu wa mwili hukamilisha njia ya umeme, na upande mmoja wa betri hutengeneza magadi makali yanayounguza nyama. Madhara makubwa yaweza kutokea ndani ya saa 2 tu. Hata betri iliyokwisha, isiyoweza tena kutunza saa, bado ina umeme wa kutosha kumuunguza mtoto. Huyo mtoto wa miaka 2 niliyemtaja alikuwa anatoa udenda na kukataa uji. Nyumbani walidhani ni mafua na koo, wakangoja hadi asubuhi. Picha ya eksirei ilionyesha duara lenye pete mbili pembeni, na hapo ndipo tulipojua kwamba si sarafu. Tulimkimbiza hospitali ya rufaa. Yu hai, tunamshukuru Mungu, lakini umio wake umesinyaa na mpaka leo anarudi kupanuliwa ili chakula kipite.

Ukihisi mtoto amemeza betri, usingoje dalili. Usimtapishe. Usimpe uji wala maziwa ya kusukumia. Nenda hospitali mara moja yenye eksirei, hata usiku. Ikiwa mtoto ametimiza mwaka mmoja, anaweza kumeza, na ana asali nyumbani, mpe vijiko 2 vidogo kila baada ya dakika 10 mkiwa njiani, visizidi mara sita. Asali huifunika betri na kupunguza ukali wake. Lakini msichelewe hata dakika moja kwa kuitafuta asali kwa jirani. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja asipewe asali kabisa. Iwapo ameiingiza puani au sikioni, haraka ni ile ile.

Betri kubwa ya laptopu ina hatari yake nyingine. Ni ya lithiamu, na ndani ya zile za zamani mna vibetri vidogo kama sita vya mviringo mrefu ambavyo vijana huvipenda kwa kutengenezea tochi na redio. Ikipondwa, ikitobolewa kwa msumari au ikitupwa motoni, hulipuka kwa moto mkali sana na moshi wa sumu. Ikivimba, ni dalili mbaya: iache kuichaji, usiibonyeze wala kuitoboa ili "kutoa hewa" kama nilivyosikia fundi mmoja akishauri. Iweke nje ya nyumba ndani ya ndoo ya chuma yenye mchanga mkavu, mbali na watoto, mpaka ipate mahali pa kwenda. Na mtu akiungua, ni maji safi ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20. Dawa ya meno, mafuta ya taa, majivu na yai mbichi tumekwisha kuvikataa katika ukurasa huu, nami navikataa tena.

Halafu kuna sumu isiyolipuka. Hii ndiyo inayonisumbua zaidi, kwa sababu mgonjwa wake haji hospitali.

Kompyuta zilizotengenezwa kabla ya katikati ya mwaka 2006 zililehemewa kwa mchanganyiko wa bati na risasi, na risasi ilikuwa karibu sehemu 40 katika 100. Nchi za Ulaya ziliiwekea mipaka kuanzia tarehe 1 Julai 2006, na viwanda vingi vya dunia vikafuata. Zile skrini nene za zamani, ambazo bado zimesimama katika ofisi na shule zetu nyingi, kioo chake kina risasi inayoweza kuzidi kilo moja. Skrini bapa za mwanzo zina vimirija vidogo vyenye zebaki. Plastiki ya waya nyingi ni PVC, nayo ikichomwa pamoja na shaba hutoa dayoksini, sumu ambayo hukaa katika mafuta ya mwili kwa miaka.

Risasi ikiingia mwilini mwa mtoto hujifanya kalsiamu. Huingia katika mifupa, katika damu, katika ubongo unaokua. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama, na kwamba watoto wadogo hufyonza risasi wanayoimeza mara 4 hadi 5 zaidi ya watu wazima. Mama mjamzito humpitishia mtoto kupitia kondo la nyuma, hata risasi iliyokaa mifupani mwake tangu utoto wake. Dalili zake hazina sura: mtoto ana upungufu wa damu, tumbo linamuuma, amekuwa mkali, mwalimu anasema hashiki masomo. Sumu ikiwa nyingi huja degedege, kupoteza fahamu na kifo. Hospitali yetu haina kipimo cha risasi, kama zilivyo nyingi za ngazi yetu. Tunampa vidonge vya madini ya chuma na dawa ya minyoo, tunamrudisha nyumbani, kwenye uwanja ule ule ambapo kaka yake huchoma waya jioni. Sijui tumewarudisha wangapi.

Mtu asidhani haya ni maneno ya vitabuni. Katika kitongoji cha Thiaroye-sur-Mer, Dakar, nchini Senegal, watoto 18 walikufa kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 kwa sababu ya risasi ya betri za magari zilizopasuliwa mitaani. Jirani zetu wa Owino Uhuru, Mombasa, waliishi kando ya kiwanda cha kuyeyusha betri kilichofungwa mwaka 2014, Bi. Phyllis Omido, mama ambaye mtoto wake mwenyewe alikutwa na risasi mwilini, aliongoza mapambano, na mwaka 2020 mahakama ya mazingira Mombasa iliwapa wakazi fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3. Kesi iliendelea kwa rufaa kwa miaka. Hizo zilikuwa betri za magari, lakini risasi ni ile ile, na betri za namna hiyo ndizo tulizofungia sola majumbani.

Kwa kompyuta zenyewe, mji wa Guiyu nchini China ulipokea taka hizo kwa miaka mingi, na uchunguzi uliochapishwa mwaka 2007 ulikuta watoto wa huko wana wastani wa mikrogramu 15.3 za risasi katika desilita moja ya damu. Leo Shirika la Afya Duniani linaagiza kwamba mtu akifikia 5 chanzo kitafutwe na kuondolewa. Huko Agbogbloshie, Accra, vijana walichoma waya kwa miaka mpaka serikali ya Ghana ilipoliondoa eneo hilo la kazi mwaka 2021. Mwaka 2019 mashirika ya IPEN na Basel Action Network yalichapisha vipimo vya mayai ya kuku waliokuwa wakijitafutia chakula hapo: yai moja tu lilimpa mtu mzima dayoksini mara 220 ya kiwango kinachoruhusiwa Ulaya kwa siku. Hebu fikirini kuku wetu wa kienyeji, na wapi hupenda kuchakura. Hupenda majivu.

Huku kwetu mambo ni madogo kuliko Accra, ndiyo. Lakini kila mji mdogo una mnunuzi wa vyuma chakavu, na shaba ina bei nzuri kuliko chuma. Kijana wa darasa la sita anajua kwamba waya uliochomwa maganda unauzwa ghali zaidi ya usiochomwa. Siwalaumu watoto hao, wanatafuta daftari na sabuni. Namlaumu mtu mzima anayenunua shaba iliyoungua bila kuuliza. Waya waweza kumenywa kwa kisu. Ni kazi ya polepole, lakini haimuui mtu. Vijana wengine, hasa sehemu za machimbo, wamesikia kwamba miguu ya RAM ina dhahabu, wakajaribu kuitoa kwa asidi kali, na hata kwa zebaki kama wafanyavyo na mchanga. Dhahabu ile ni utando mwembamba kuliko karatasi. Watapata vidonda vya mapafu kabla ya kupata pete.

Wengine huniuliza: nesi, si mnacho kichomea taka hospitalini? Tunacho, cha matofali, nacho ni cha sindano, pamba na bandeji. Hakifiki joto la kuteketeza sumu hizi, na metali haiteketei kwa moto wowote. Hupanda na moshi au hubaki katika majivu. Betri na vibao vya kompyuta haviingii humo, na nimekwisha kumkatalia zaidi ya kiongozi mmoja.

Hapo ndipo linapokuja suala la misaada. Nazungumza kwa heshima, kwa maana najua wengi wanaotuma wana moyo mwema, na laptopu nzima iliyotumika miaka mitatu ni baraka kwa sekondari yetu. Lakini niliona katika parokia moja nisiyoitaja sherehe ya kupokea kompyuta arobaini hivi. Kulikuwa na nyimbo, keki na picha. Zilizowaka hazikufika kumi. Nyingine zote zilikuwa na zile skrini nene, nazo zikawekwa kwenye ghala lililo karibu na kisima, mvua ikizinyeshea. Aliyezituma aliokoa gharama ya kuzitupa kwao. Sisi tulibaki na risasi, tena tukaandika barua ya shukrani.

Sheria iko upande wetu. Tangu tarehe 1 Januari 2025, mapatano ya Basel yanataka taka zote za umeme, zenye sumu na zisizo na sumu, zisivuke mpaka bila nchi inayopokea kuarifiwa na kukubali kwanza. Hata kabla ya hapo, mapatano ya Bamako ya mwaka 1991 yalikataza kuingiza taka zenye sumu barani Afrika. Kompyuta isiyowaka ni taka hata ikifungwa utepe. Mpokeaji anayo haki ya kuuliza kabla: Je, kila moja imejaribiwa? Ina umri gani? RAM yake ni kiasi gani, na inaongezeka? Betri inashika chaji? Mfadhili mwema hatakasirika kwa maswali hayo.

Mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za umeme, na chini ya robo yake ndiyo iliyothibitika kukusanywa na kushughulikiwa ipasavyo. Sisi wanaparokia hatutazimaliza. Lakini hapa Tanzania tunazo kanuni za taka za umeme za mwaka 2021, zilizotungwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na wako wakusanyaji wenye kibali cha Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC. Shida ni kwamba wengi wako mijini, na hakuna mtu wa kijijini atakayelipa nauli kupeleka kipande cha RAM. Kwa haki, gharama hiyo ingebebwa na wanaotengeneza na kuuza. Mpaka hapo watakapobanwa, nina pendekezo moja ambalo nimelipeleka kwa kamati ya afya ya jimbo: gari la hospitali linalokwenda mjini kuchukua dawa huondoka hapa tupu. Mara moja kwa mwaka liondoke na taka za kompyuta za parokia zote, zikabidhiwe kwa mkusanyaji mwenye kibali, na hati ya makabidhiano irudi. Mafuta ya gari hilo yalikuwa yatumike vyovyote vile.

Nimeambiwa kwamba kuna mambo ya haraka zaidi. Labda. Lakini kila mwaka tunaosubiri, ghala hutobolewa na waya huibiwa kwenda kuchomwa.

Jambo moja kuhusu diski, kabla sijasahau. Kufuta majalada au kuyatupa katika kikapu cha kompyuta hakuyaondoi. Mtu mjuzi huyarudisha. Diski ya hospitali ina majina ya wagonjwa na majibu yao ya vipimo. Diski ya parokia ina vyeti vya ndoa na hesabu za zaka. Tangu Mei 2023 Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inatumika nchini, lakini sisi wauguzi siri ya mgonjwa tuliapa kuitunza tangu zamani. Kabla diski inayozunguka haijatoka mikononi mwenu, fundi aifute yote kwa programu ya kuandika juu yake upya. Ikiwa imekufa, itobolewe kwa drili. Ile ya SSD ina namna yake ya kufutwa, mwulizeni fundi anayeijua. Kipande cha RAM hakitunzi chochote umeme ukikatika, hivyo hicho mpeni mtu mwingine bila wasiwasi. GB 2 zilizotolewa kwenye mashine yako zaweza kumfaa mwenye mashine kuukuu kuliko yako.

Wakati tukingoja jibu la jimbo, fanyeni hivi nyumbani. Tafuteni boksi moja gumu, liwekwe juu, mahali pakavu pasipofikiwa na mtoto. Vibao, waya, chaja na RAM zikae humo bila kuvunjwa. Skrini nene isipasuliwe kwa sababu yoyote. Betri za sarafu zizungushiwe gundi ya karatasi pande zote mbili, kila moja peke yake, kabla ya kuhifadhiwa. Aliyeshika vibao vya kompyuta anawe mikono kwa sabuni kabla ya kula au kunyonyesha, na fundi anayelehemu nyumbani afanye hivyo nje, penye hewa, watoto wakiwa mbali. Watoto wapate dagaa, maharage na mboga za majani. Mtoto mwenye madini ya chuma na kalsiamu ya kutosha hufyonza risasi kidogo zaidi, ingawa chakula hakiwezi kuwa ruhusa ya kuchoma waya.

Wanaokaa karibu na hospitali yetu wanaweza kuleta betri za sarafu katika dirisha la mapokezi siku yoyote ya kazi. Wampe muuguzi mkononi, wasiache juu ya benchi.